Siku Tisa Nyuma ya Sauti za Vyura: Nakuru, Ahero, Dunga na Msitu wa Kakamega

Daftari langu la safari limevimba kwa mvua na kurasa zake zimeshikana. Pale wino ulipokimbia nimejazia kwa picha na kwa sauti tulizorekodi. Mwenye safari alikuwa binamu yangu, binti wa mjomba, anayesomea shahada ya uzamili. Anachunguza vyura wa magharibi mwa Kenya: wanakaa wapi, wanaimba wakati gani, na kama ngozi zao zina ugonjwa. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Nakuru. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alihitaji mtu wa kushika tochi na kuandika. Miaka kumi na minne nimemchora chura ubaoni, lakini sikuwa nimewahi kukesha nikimsikiliza.

Jumatatu, 14 Aprili 2025. Nakuru hadi Ahero

Tulifika stejini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matatu ikajaa saa tatu kasoro. Nauli ilikuwa shilingi 800 kila mmoja, na 200 zaidi kwa mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa ndoo mbili, mabuti ya mpira, tochi za kichwa, kinasa sauti, vijiti vya pamba na mtungi wa lita tano wa dawa ya klorini. Kondakta aliunusa ule mtungi akaukataa. Binamu alimweleza taratibu kwamba ni dawa ya kuoshea mabuti, ukakubaliwa ukae miguuni mwetu.

Njiani aliniambia jambo lililonikalia moyoni. Nyanda hizi za Bonde la Ufa, upande wetu na Naivasha, zina nyoka wake, moma mdogo mwenye vipembe juu ya macho, Bitis worthingtoni. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Nimeishi hapa miaka yote hii bila hata kulisikia jina lake.

Tulipopita Mau Summit gurudumu lilipasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Tulikaa kando ya barabara saa mbili na dakika ishirini. Baridi ilikuwa kali. Mama mmoja muuza viazi alituita kibandani kwake, akatupa chai ya maziwa na akakataa pesa. "Mgeni wa barabara halipi chai," alisema.

Binamu hakutulia. Alizunguka ua wa nyuma ya kibanda, akarudi akisema kuna kinyonga. Mama aliruka hatua tatu nyuma, mkono kifuani. Kinyonga alikuwa wa kijani, kichwa kimeinuka kama kofia ya chuma, na puani ana kijipembe kimoja. Binamu hakumshika. Alisimama pembeni akamweleza mama kwamba huyu hatagi mayai, huzaa watoto hai. Huku juu udongo ni wa baridi mno kuangua mayai, kwa hiyo jike huwabeba watoto tumboni na kuota nao jua. Mama alitazama kwa muda mrefu, kisha akasogea hatua moja. "Kumbe ni mzazi," akasema.

Kericho tuliipita tukisinzia. Ahero tukaingia saa kumi na moja jioni, joto likitupokea mlangoni mwa matatu.

*Kwa atakayepita njia hii:* vaa nguo nzito kwa Mau, lakini weka fulana nyepesi juu kabisa ya begi. Kutoka Londiani hadi nyanda za Kano, huku Ahero, utakuwa umebadilisha hali ya hewa mara mbili kabla ya chakula cha jioni.

Jumanne, 15 Aprili. Mashamba ya mpunga

Chumba cha kulala wageni kilitugharimu 1,000 kila mmoja, chandarua kikiwamo. Asubuhi tulikunywa uji, tukaenda kujitambulisha kwa chifu na kwa wakulima. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero una umri wa zaidi ya nusu karne, ulianza mwaka 1969. Wapo watu waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka kwenye mifereji hii hii.

Mama mmoja mwenye umri wa makamo, matope hadi magotini, alituuliza tunatafuta nini. Binamu akajibu, "Vyura, mama." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye majaruba matatu. "Pale wapo wengi. Pale wachache. Lile la mwisho, nyathina (mwanangu), hutasikia *ogwal* hata mmoja. Lilipigwa dawa juzi, na mwaka jana pia."

Usiku tulipima kwa utaratibu wa binamu: simama mahali pamoja dakika kumi, rekodi, kisha tembea polepole mita mia ukihesabu unaowaona. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili tu, ulipochomoza maji yote yakawa bati jipya. Kwenye nyasi za kingo tulimsikia Kassina senegalensis, mlio wake kama tone kubwa linaloanguka ndani ya mtungi mtupu. Mmoja akianza, wa upande wa pili hujibu, na jibu likazunguka uwanda mzima. Tulimwona mmoja: mistari myeusi mgongoni, na badala ya kuruka akatembea, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mzee anayevuka boma lake. Majini, macho mawili na pua vikielea, alikuwa yule chura mkubwa Hoplobatrachus occipitalis, ambaye viluwiluwi wake hula viluwiluwi wenzao.

Kwenye jaruba la mwisho kinasa sauti kilirekodi upepo na mbwa.

Ngozi ya chura si kama yetu. Kwa ngozi hiyo hunywa maji na kuvuta hewa. Kinachomwagwa majini humwingia moja kwa moja, hana namna ya kufumba mdomo. Hilo nimelifundisha mara nyingi kwa mistari miwili ya chaki. Yule mama alilijua kwa kusikiliza shamba lake, na alituambia kabla hatujafungua begi. Binamu aliandika maneno yake kwenye daftari la utafiti, si pembeni, bali kwenye safu ya data.

Jumatano, 16 Aprili. Kisumu na Dunga

Ahero hadi Kisumu ni nusu saa, 100. Mchana tuliingia Jumba la Makumbusho la Kisumu, ambalo lina nyoka hai, mamba na kobe, pamoja na boma la Kiluo lililojengwa kwa desturi. Mzee mmoja alikuwa amewaleta wajukuu. Mbele ya chatu akavua kofia. Nilimuuliza kwa heshima kwa nini, akaniambia habari za Omieri, chatu ambaye kwa Waluo kuja kwake ni habari ya mvua na mavuno, na kumdhuru ni kujitafutia balaa. "Huyo haguswi," alisema. "Unampisha, unamwachia njia yake." Niliwaza kuhusu sheria tulizonazo, ile ya wanyamapori ya mwaka 2013 na nyinginezo, na ni ngapi kati yake zinazomfanya mtu avue kofia.

Dunga, kando ya Ziwa Victoria, ni mwendo wa bodaboda, tulilipa 150 kutoka mjini. Tulikula sangara wa kukaanga na ugali ufukweni, 450, samaki akiwa bado anachemka mafuta. Kisha tukapatana na mvuvi kijana atupeleke kwenye mafunjo machweo, 1,500 kwa saa mbili.

Alizima injini mbali, akaendelea kwa kafi. "Wakisikia mashine wananyamaza, na mtafikiri hawapo," alisema. Hakuna aliyemwambia hivyo, aliyaona mwenyewe kwa kuvua usiku. Tulipoingia mfereji mwembamba kati ya mafunjo, sauti zikatufunika. Vyura wa matete, Hyperolius viridiflavus, kila mmoja si mkubwa kuliko kifundo cha kidole gumba, na mlio wao kama glasi nyingi zinazogonganishwa. Wamo wa madoa, wamo wa mistari, wamo wa rangi ya majani makavu, wote spishi moja. Pale mafunjo yalipokatwa kwa ajili ya mikeka, kimya kiliingia ghafla, halafu mbele kidogo glasi zikaanza tena.

*Kwa wenzangu:* Dunga usiende majini bila jaketi la kuokolea maisha. Mwambie mwenye mashua kabla ya kulipa, wengi wanayo lakini hawayabebi usipouliza. Na ulizia viboko wameonekana upande gani siku hiyo.

Alhamisi, 17 Aprili. Kisumu, Khayega, Isecheno

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu na nusu ya Nairobi ilikuwa inarudi nyumbani. Nauli ya kwenda Khayega, ambayo siku za kawaida ilikuwa 200, ilipanda hadi 400, na hatukuwa na la kufanya. Kutoka Khayega tulichukua bodaboda mbili hadi Isecheno, 200 kila moja, mvua ikitupiga usoni. Yangu iliteleza kwenye kona, tukaenda chini taratibu, mimi, dereva na ndoo. Hakuna aliyeumia. Vijana watatu walitoka kwenye kibanda cha kunyoa wakatuinua, mmoja akaufunga mzigo upya kwa kamba yake mwenyewe na kutuachia kamba hiyo.

Chumba kwenye nyumba za msituni, 1,200. Hakuna umeme wa kutegemea. Usiku huo hatukutoka. Tulianika tulichoweza kuanika.

Ijumaa na Jumamosi, 18 na 19 Aprili. Ndani ya msitu

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ile mikubwa ya Kongo na Afrika Magharibi. Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1933, na sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kwa hiyo wapo humu viumbe ambao jamaa zao wa karibu wako Uganda na Kongo, na ukivuka kwenda mashariki huwapati tena. Pembeni yake kuna mashamba ya mahindi na chai, nyumba hadi nyumba. Ni kama kisiwa.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa miaka hamsini na ushei, mzaliwa wa kijiji cha jirani. Alimwita binamu "daktari" tangu salamu ya kwanza. Kabla ya kuingia, binamu alitupanga mstari tusugue mabuti kwa maji ya klorini, tukingoja yakauke. Mzee akauliza sababu. Ni kuvu, alimweleza, Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999. Huishi kwenye ngozi ya chura. Kuvu ikizidi, ngozi hushindwa kusawazisha chumvi za mwili, mwishowe moyo husimama. Imeua vyura katika mabara kadhaa, na hapa Kenya imekwisha kupatikana kwa vyura wengi. Nasi tulikuwa tunatoka Dunga na Ahero na matope ya huko kwenye soli. "Basi ni kama kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto wa mwenzio," Mzee alisema, akasugua yake mara ya pili.

Ijumaa usiku ndio usiku nitakaoukumbuka. Mvua ilikuwa imekatika magharibi. Tulisikia mngurumo kama wa pikipiki nyingi za mbali, Mzee akasema, "Leo ni leo." Kijito kilikuwa kimejaa vyura wa njano. Njano ya ndimu iliyoiva, njano inayorudisha mwanga wa tochi. Ni madume wa Sclerophrys kisoloensis. Kwa kawaida huwa wa kahawia kama chura yeyote wa nyuma ya jiko, msimu wa kupandana ukifika hubadilika hivi. Walikuwa juu ya mawe, juu ya magogo, wengine wamepandana watatu watatu. Nilihesabu hadi arobaini na saba nikapoteza hesabu, nikaanza tena, nikapoteza tena. Binamu alikuwa amepiga magoti majini akipitisha kijiti cha pamba kwenye tumbo na mapaja ya mmoja, glavu mpya kwa kila chura, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Kurudi, Mzee alisimama na kunyoosha mkono nyuma bila kusema neno. Tukasimama. Sikuona kitu, ni majani makavu tu. Ilinichukua karibu dakika nzima kuona kwamba majani yale yana mpangilio: pembetatu nyeusi, buluu hafifu, wekundu kama wa damu iliyokauka, na mwisho wake kichwa chenye vipembe puani. Moma, Bitis nasicornis. Alikuwa mita mbili kutoka kwenye njia, ametulia kabisa. Nyoka wa namna hii hamfuati mtu, hungoja chakula kipite. Hatari yake ni kumkanyaga. Tulimpigia picha kwa mbali na tukamzungukia.

Jumamosi ilikuwa ya vinyonga wadogo wa jamii ya Rhampholeon, wenye umbo la jani lililonyauka. Usiku hulala kwenye vijiti vya chini na mwili wao hung'aa weupe kwenye tochi, kwa hiyo mchana utawapita mia na usiku utawaona sita, kama sisi.

Ila kile binamu alichokuja kukitafuta hasa hatukukipata. Mwaka 2006 watafiti, akiwamo Mkenya Beryl Bwong, walieleza spishi mpya ya chura wa mitini kutoka misitu hii ya magharibi, Leptopelis mackayi. Binamu alihitaji sauti ya chura wa jamii hiyo kutoka upande wa Isecheno. Usiku mbili, vituo kumi na vinane, hakuna.

*Kwa wanaotaka kufanya utafiti:* kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwanza, kisha cha mamlaka ya wanyamapori, na msituni cha wanaosimamia eneo. Beba nakala za karatasi, maana mtandao msituni ni wa kubahatisha. Usiingie usiku bila mwongozaji. Tulimlipa wetu 1,500 kwa usiku, na kwa tulichojifunza ilikuwa kidogo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tulikuwa tunafua soksi watoto wawili walipokuja mbio. "Kukhu anawaita watu wa vyura. Kuna nyoka." Kukhu kwa Kiluhya ni nyanya (bibi).

Tulimkuta amekwisha kuuawa, nje ya banda la kuku, kijani kibichi, mwembamba, kichwa kimepondwa. Wanaume waliosimama walisema ni mamba wa mitini, yule nyoka wa sumu kali. Binamu alimgeuza kwa kijiti. Wa huku wa aina hiyo, Dendroaspis jamesoni kaimosae, jina lake limetoka Kaimosi hapo jirani, na mkia wake ni mweusi. Huyu mkia wake ulikuwa kijani hadi nchani, jicho kubwa, mwili kama kamba ya katani. Alikuwa Philothamnus, nyoka asiye na sumu, mla vyura. Binamu aliongeza haraka kwamba rangi peke yake isimwaminishe mtu, asiyewajua akae mbali na wote.

Nilitarajia aseme zaidi, kwamba wamekosea. Hakusema. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda, akaanza mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mjukuu wake aliumwa usiku akienda msalani. Walimbeba kwa bodaboda hadi kituo cha afya, hapakuwa na dawa ya sumu. Walielekezwa kwingine. Hakufika. "Tangu siku ile, omwana wanje, mimi siulizi nyoka ana jina gani."

Binamu alichutama mbele yake akamshika mikono yote miwili, wakakaa hivyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Nilikuwa nimelisoma neno "yaliyopuuzwa" mara nyingi. Uani pale lilikuwa na umri wa miaka tisa na lilikuwa likienda shule.

Baadaye tulifanya kazi. Mzee, vijana na mimi tulifyeka nyasi kuzunguka njia ya msalani, tukaziba uwazi chini ya mlango wa jiko kwa udongo na mbao, tukahamisha kuni mbali na ukuta. Tochi yangu ya kichwa nilimwachia Kukhu. Yeye akachinja kuku. Siku ya Pasaka tulikula *ingokho* na ugali wa wimbi uani mwake, hatukuruhusiwa kuondoka hadi sahani zirudi tupu.

Tulipokuwa tunanawa, Kukhu akamuuliza binamu ni chura gani hasa amemfuata kutoka mbali. Binamu akaiga kwa mdomo: mlio mfupi, mzito, kama mtu anayegonga ubao mara moja kisha akangoja. Kukhu akasema, "Huyo? Huyo anakaa chemchemi ya zamani. Si ile ya saruji. Ile tuliyoacha."

Saa mbili usiku alituongoza mwenyewe, tochi mpya kichwani juu ya kitambaa, fimbo mkononi. Njia ilikuwa imefunikwa na magugu, ikaishia kwenye shimo la maji chini ya miti mitatu mikubwa. Vyura wa jamii hii hufukia mayai kwenye udongo wenye unyevu kandokando ya maji, si kuyaacha majini, na kingo za chemchemi ile zilikuwa tope laini tupu. Ile mpya imezungushiwa saruji, kwa faida ya watu, nami siipingi. Tulizima taa. Tulingoja karibu robo saa.

Jumatatu na Jumanne, 21 na 22 Aprili. Kurudi

Jumatatu ilienda kwa kupakia, kusugua mabuti na kuaga. Jumanne nauli ya Kakamega hadi Nakuru ilikuwa 1,800, kwa sababu kila mtu alikuwa anarudi kazini. Ukiweza, usisafiri wiki ya Pasaka. Tulifika saa mbili usiku.

Sampuli za pamba ziko maabara na majibu bado. Sauti ya chemchemi binamu ameituma ilinganishwe na nyingine, kwa hiyo jina la yule chura nitaliandika litakapothibitishwa. Faili lina dakika saba. Kwenye dakika ya tatu, kabla ya ule mlio wa kwanza wa ubao, inasikika sauti ya Kukhu ikinong'ona, "Nyamazeni, anaanza." Kwa kawaida binamu hukata sauti za watu kabla ya kuhifadhi. Hiyo ameiacha.